Zima Redio, Kitsao

Siku gari lilipoingia uani kwa akina Kitsao kule Jilore, kuku walikimbia na watoto wakalikimbilia. Mama yake Kitsao, ambaye nyumba nzima humwita Hawe, yaani bibi, alitoka jikoni mikono imejaa tui. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Lilikuwa fowili kuukuu, la rangi ya kijivu. Fowili ndilo jina watu wanaloliita gari linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kitsao alilinunua kwa mtu wa Kilifi aliyekuwa akihama. Aliuza ng'ombe wake, akatia na mapato ya maembe. Lakini usimcheke. Hakununua gari ili aonekane. Alilinunua kwa ajili ya mkewe, Kanze.

Kanze alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza, Purity, alizaliwa kwa kupasuliwa. Siku ile Kanze alipelekwa Malindi kwa pikipiki. Alikaa katikati ya dereva na Hawe, uchungu umemshika, barabara mashimo matupu. Alifika hoi. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza yeye na mtoto. Safari hii muuguzi wa kliniki alimwambia waziwazi:

"Usijaribu kuzalia nyumbani, Kanze. Uchungu ukianza tu, njoo hospitali. Usingoje."

Basi gari likaja. Likaja na kelele zake.

Jumapili ya kwanza waliposhika njia ya kanisani, gari lilianza kulia kwenye kila shimo. Nyii, nyii, nyii!

"Baba Purity, kuna kitu kinalia," Kanze alisema.

"Gari limetumika, Mama Purity. Hata mimi nikiamka asubuhi magoti hulia." Kitsao akacheka. Akaongeza sauti ya redio.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake mkubwa, Kitsao. Alipenda redio. Kila gari liliposema neno, yeye aliongeza redio.

Jioni Hawe alimletea chupa ya mafuta ya nazi. Katika nyumba ile, mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Nywele kavu, mafuta ya nazi. Mlango unaolia, mafuta ya nazi. Mnyororo wa baiskeli ya Kitsao ulikula mafuta ya nazi miaka na miaka, na baiskeli ikaenda.

"Paka, mwanangu," Hawe alisema. "Kitu kinachosuguana kinataka mafuta tu."

Kitsao akaingia chini ya gari. Alipaka springi. Akapaka mipira ya springi. Akapaka kila chuma alichokiona kimesuguliwa kikang'aa. Nyuma ya magurudumu ya mbele aliona sahani za chuma zinazong'aa kuliko vyote. Hizo nazo akazipaka, moja akaipaka vizuri zaidi kwa sababu mkono uliifikia.

Kesho yake nyii-nyii ilipungua. Kitsao akatembea kifua mbele. "Fundi wa nini?" aliuliza.

Kisha mvua ikanyesha. Barabara ya Jilore ikawa uji. Kando ya gia kulikuwa na fimbo ndogo. Kitsao aliivuta, magurudumu yote manne yakashika, gari likapanda mlima wa matope bila kuteleza. Alifurahi mno. Mvua ilikatika, jua likawaka, lakini fimbo haikurudi mahali pake.

"Nimenunua magurudumu manne," alisema. "Kwa nini nitumie mawili?"

Siku ya soko walikwenda Malindi. Jirani yao Mwaringa alipanda nao. Mwaringa aliwahi kuendesha lori zamani, na hakuacha watu wakasahau. Walipofika mjini, kwenye lami kavu, Kitsao alizungusha usukani ili aegeshe. Gari likanguruma. Likarukaruka, kana kwamba kuna mtu analivuta nyuma kwa kamba. Watu sokoni wakageuka kutazama.

"Eh! Hiyo ni giaboksi," Mwaringa alisema, akitikisa kichwa. "Imekufa hiyo. Uza gari hili mapema, ndugu yangu, kabla halijakulalia njiani."

Kitsao alinyong'onyea.

Wakati wa kurudi Kanze alisikia kitu kingine. Kilikuwa cha chini, kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Vuuu. Gari likienda polepole, hakisikiki. Likikimbia, kinapanda. Kilitoka upande wake, chini ya miguu yake.

"Kuna kitu kinavuma," alisema.

"Hiyo ni lami na tairi," Kitsao alijibu. Mkono ukaenda kwenye redio.

Tangu siku ile Kanze hakuwahi kusinzia ndani ya gari lile. Alishika kishikio cha mlango, akasikiliza.

Wiki iliyofuata walikuwa wakirudi kutoka kliniki. Walikuwa wanateremka kibonde kidogo karibu na nyumbani. Ng'ombe wakaingia barabarani. Kitsao akakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilivutwa upande wa kulia, likaingia kichakani, likachana majani, ndipo likasimama. Ndama mmoja alikuwa mbele ya bampa, anawatazama.

Redio ilikuwa bado inaimba. Kanze aliizima yeye mwenyewe. Alishika tumbo, akangoja mpaka mtoto akacheza. Kisha akafungua mlango, akashuka.

"Panda, Mama Purity. Tumefika karibu."

"Sipandi."

"Basi nitaliuza," Kitsao alisema. "Mwaringa alisema kweli. Nitaliuza kesho."

"Aka! Ukiliuza, mimi nitakwenda hospitali na nini? Na pikipiki tena?" Kanze alimkazia macho. "Nilikufa nusu siku ile. Sirudi kule. Mimi silikatai gari, Kitsao. Nakataa kupanda gari linalosema na sisi hatujui linasema nini. Utamwita fundi. Fundi wa kweli. Na tutajua kila kelele ni ya nini, moja moja, kabla mtoto huyu hajatoka."

Alipomwita kwa jina lake hivyo, Kitsao alijua maneno yamekwisha. Kanze alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Yeye alimfuata nyuma na gari, polepole, bila redio.

Fundi alikuwa Mzee Msellem wa Muyeye, kule Malindi. Gereji yake ilijaa magari ya watu wa shamba, maana aliwaeleza, hakuwafokea bure. Aliwafokea kwa sababu tu. Kitsao alimpigia simu.

"Shikamoo, fundi. Nakuletea gari kesho asubuhi."

"Marahaba. Lina nini?"

"Lina kelele. Na breki, juzi, zilinikataa kidogo."

"Zilikukataa kidogo?" Msellem alipaza sauti mpaka Kanze akasikia. "Na wewe wataka kuja nalo hadi Muyeye, kwenye watu? Liwache hapo hapo! Gari lisilosimama haliletwi kwa fundi. Fundi ndiye hulijia. Tia mawe kwenye magurudumu, usiliguse."

Alikuja kesho yake kwa pikipiki, mfuko wa spana mgongoni, kofia yake ya kushonwa kichwani. Kitsao alianza mara moja kumweleza ya sokoni na giaboksi aliyoisema Mwaringa. Msellem alimnyamazisha kwa mkono.

"Kwanza kusimama. Kwenda baadaye. Tuanze na breki."

Aliweka gari mahali pa tambarare. Alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Akalegeza nati, akainua mbele kwa jeki, na chini ya gari akaweka magogo mazito. "Jeki huteleza," alisema. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama umeangusha pete ya harusi." Kisha akachomoa gurudumu. Akatazama. Akanusa.

"Salaale! Nani amelikaanga gari hili?"

Msellem akanusa tena.

"Hapa pamebaki kutia kitunguu tu. Haya mafuta ya nazi nani katia?"

"Mafuta yangu ni safi!" Hawe alisema kutoka mlangoni.

"Safi, mama, wala sibishi. Safi kwa nywele. Lakini tazama." Msellem aliwaita karibu. "Hii sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu. Hivi vipande viwili ni pedi. Ukikanyaga breki, pedi huibana sahani mpaka isimame. Yaani breki yaishi kwa kusuguana. Sasa ukiipaka mafuta?"

"Inateleza," Kanze alisema.

"Yateleza. Na upande huu umepakwa mengi kuliko ule. Huu washindwa kushika, ule washika. Gari lavutwa upande unaoshika. Lilikuvuta wapi?"

"Kulia," Kitsao alijibu. Alikuwa anatazama chini.

"Na mafuta mengi yako kushoto. Umeona?"

Kitsao aliona. Aliona pia ule mpira wa springi, umenata mchanga kwa yale mafuta. Msellem alimweleza kwamba mipira ile ndiyo iliyokuwa inalia nyii-nyii. Ilikuwa imechoka, basi. Haikuwa hatari ya leo wala kesho. Lakini mafuta hulainisha mpira na kuuharibu upesi, na mchanga ukinata hapo hula kila kitu. Dawa yake ni kuosha na sabuni, kisha kutia mipira mipya nafasi ikipatikana.

"Huyu ni mlalamishi tu," Msellem alisema. "Hana kisu."

Mwenye pikipiki alitumwa Malindi kununua pedi mpya, kwa sababu pedi ikishakunywa mafuta haifuliki. Sahani zilioshwa kwa dawa ya breki, zikapanguswa mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Fundi alifunga kila kitu. Akalijaribu gari mwenyewe pale uani, kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Lilisimama wima bila kwenda upande.

Hapo ndipo alipokaa kwenye kigoda, akapokea dafu, na kuanza kuuliza.

"Watu wengi huitafuta kelele kwa spana. Hufungua hiki, hufungua kile, wamalize kutwa. Kelele huanza kutafutwa kwa maswali. Haya, Kitsao. Hiyo ya sokoni husikika lini?"

"Muda wote."

"Muda wote? Hata sasa limezimwa?"

"Hapana. Likienda."

"Likienda mbele sawasawa, au likikata kona? Kwenye udongo, au kwenye lami? Huongezeka ukiongeza mwendo, au hukaa vile vile?"

Masikini Kitsao, yote hayo yalipita chini ya redio.

"Likikata kona," Kanze alisema. "Kona kali tu. Kwenye lami, siyo kwenye udongo. Na ilianza baada ya ile mvua kubwa. Na kuna nyingine, fundi. Ya chini. Hiyo huja likikimbia. Likipunguza mwendo, inaondoka."

Msellem aliweka dafu chini. "Binti, wewe ndiye utakayekaa mbele."

Kanze alilitazama gari. Alilitazama tena lile gurudumu. "Breki zinashika?"

"Zashika, inshallah. Nimezijaribu mbele ya macho yako."

"Basi sasa napanda."

Wakaenda hadi kwenye lami. Kitsao aliendesha, Kanze kushoto, fundi nyuma, kichwa katikati yao. Hata hawajafika mbali, mkono wa Kitsao ukaanza kusogea wenyewe.

"Zima redio, Kitsao," fundi alisema.

"Sijaiwasha!"

"Uuzime mkono basi."

Kwenye uwanja mmoja mpana kando ya lami, Msellem alimwambia azunguke polepole, usukani wote. Gari likanguruma, likarukaruka kama siku ya soko. Kitsao akafumba macho akingoja kusikia neno giaboksi. Fundi alikuwa anaitazama ile fimbo ndogo.

"Hii imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu ile mvua."

Msellem alicheka mpaka akakohoa. "Wallahi Kitsao, wewe mtu hodari! Sikiliza. Mmebeba kitanda, wewe na Mwaringa, mwakata kona. Wewe uko mbele, wazunguka njia ndefu kumshinda aliye nyuma. Sasa niwafunge miguu, mpige hatua sawasawa. Itakuwaje?"

"Tutaanguka."

"Ndivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma ukiyafunga pamoja kwa fimbo hii. Kwenye tope au mchanga huteleza kidogo kidogo, hapana dhara. Kwenye lami kavu hayapati pa kutelezea. Yashindana. Vyuma vya ndani vyaumia. Yako magari yaliyoundwa kwenda hivyo hata juu ya lami, lakini hili lako silo. Kila gari lina desturi yake. Ukinunua, uliza."

Kitsao aliirudisha fimbo. Akaenda mbele, akarudi nyuma kidogo, fimbo ikaachia. Akazunguka tena, usukani wote. Gari likazunguka kimya.

"Mungu wangu," Kitsao alisema. "Na Mwaringa alisema niuze!"

"Mwambie giaboksi yamsalimu."

Walicheka wote. Kitsao alikuwa na furaha kama ya siku ya kwanza. Alitaka kugeuza waende nyumbani wakale. Kanze hakucheka sana.

"Bado ile nyingine," alisema.

"Mama Purity, si tumemaliza? Ile kubwa imekwisha."

"Nilisema kila kelele, Kitsao. Moja moja."

Kwa hiyo wakatoka tena kwenye lami. Barabara ilikuwa nyeupe, hapana gari. Mwendo ulipopanda, ikaja. Vuuu. Msellem aliacha kuzungumza. Alimwambia Kitsao apinde taratibu kulia. Sauti ikapanda. Apinde taratibu kushoto. Sauti ikashuka. Tena kulia. Ikapanda.

"Punguza," fundi alisema. Hakuwa na mzaha tena. "Punguza, turudi polepole. Usikimbie hata kidogo."

Njiani aliwaeleza. Gari likikata kulia, uzito wake hulalia magurudumu ya kushoto. Kama sauti yazidi hapo, basi mgonjwa yuko kushoto.

Uani, mawe yakarudi nyuma ya magurudumu, jeki ikarudi, magogo yakarudi. Msellem alishika gurudumu la mbele kushoto, mkono mmoja juu, mmoja chini. Akasukuma na kuvuta. Gurudumu likacheza. Ko, ko.

"Shika," alimwambia Kitsao. Kitsao akashika. Lilicheza mikononi mwake. Msellem akamwambia alizungushe huku mkono mwingine umegusa springi. Akasikia kwenye vidole vyake chuma kinasaga.

"Ndani humo mna beringi," fundi alisema. "Ni vijichuma vinavyobeba gurudumu lizunguke laini. Vyataka grisi safi. Hivi vimekauka na vimelika. Ungeendelea hivi, gurudumu lingezidi kulegea kila siku. Mwisho lingeweza kuchomoka gari likiwa mbioni."

Kitsao alilitazama gurudumu. Kisha akautazama mlango ulio juu yake. Ulikuwa mlango wa Kanze. Kiti kilikuwa cha Kanze. Akakaa chini kwenye mchanga pale pale.

"Mimi nilisema ni lami," alisema. "Nikaongeza redio."

Kanze aliweka mkono begani pake. "Inuka. Fundi anataka spana."

Beringi mpya zilitiwa, na grisi safi, kushoto na kulia. Msellem alikagua na nati zote. Kabla ya kuondoka alimgeukia Kitsao. "Kelele iliyokutisha ilikuwa mkono wako mwenyewe kwenye fimbo. Uliyoidharau ndiyo iliyotaka kukuzika. Usipime kelele kwa ukubwa wake. Ukisikia mpya, zima redio, uliza lini na uliza wapi. Hujui, nipigie."

"Na mafuta yangu?" Hawe aliuliza.

"Mafuta yako nifungie chupa, mama. Mke wangu atayapenda."

Uchungu ulimshika Kanze mchana wa mvua, akichambua mchicha. Hakungoja. Aliita mara moja tu. Kitsao alikuwa ameshika ufunguo kabla Hawe hajafika mlangoni. Kwenye matope alivuta fimbo, gari likapanda. Walipofika kwenye lami hakuambiwa na mtu. Fimbo ilirudi. Kanze alishika kishikio, akauma meno. Uchungu ulipomwachia aliinamisha kichwa, akasikiliza chini ya miguu yake. Hakukuwa na vuuu.

"Unasikia nini?" Kitsao aliuliza kwa hofu.

"Mvua tu. Twende."

Walifika mapema. Madaktari walimpasua kwa utaratibu wao, bila mbio. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, mwenye hasira. Wakamwita Ziro, jina la baba yake Kitsao.

Siku ya kurudi nyumbani jua lilikuwa kali. Kanze alikaa nyuma na mtoto. Hawe alikaa mbele, na mizigo yake ya hospitali ilijaa kila mahali. Walipoiacha lami na kuingia barabara ya Jilore, Kitsao aliinua kidole.

"Shhh. Mwasikia?"

"Nini tena?" Hawe aliuliza.

"Ti, ti, ti. Kwenye mashimo tu. Nyuma kushoto."

Redio ilikuwa imezimwa tangu Malindi. Kitsao alisimamisha gari pembeni. Akazima injini, akatia jiwe kwenye gurudumu, akazunguka nyuma. Alitikisa gurudumu. Halichezi. Akagusa nati moja moja. Zimekaza. Akafungua mlango wa nyuma wa mizigo. Thamosi ya uji ya Hawe ilikuwa imelala juu ya jeki, inagonga kila gari likiruka.

Aliifunga thamosi kwa leso, akaisimamisha kati ya mabunda. Akarudi mbele, uso umejaa ushindi, tayari kutangaza.

"Mama Purity, nimeipata! Ni tha—"

Hawe alimziba mdomo kwa kiganja.

Kitsao akageuka. Ziro alikuwa amelala kifuani kwa mama yake. Kanze naye alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo. Mkono wake haukuwa kwenye kishikio cha mlango.

Kitsao alifunga mlango taratibu. Akawasha gari, akaenda nyumbani akisikiliza.